Bala si Chumbi

Inawezekanaje mtu aache chumvi, aiache kabisa, aiage hata kwa hotuba, kisha presha yake ipande badala ya kushuka?

Irine Achieng hakuwa na jibu. Alikuwa na mashine ya kupimia presha aliyoiazima chuoni Rongo. Alikuwa na miaka mitatu ya masomo ya lishe kichwani. Na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa na mama yake mzazi aliyenyoosha mkono mezani kwa madaha, kama bibi harusi anayesubiri kuvishwa pete. Alibonyeza kitufe tena. Kitambaa cha mashine kilivimba, kikaubana mkono, kikashusha pumzi ndefu, na namba zikajitokeza kule kule juu zilikokuwa, zikamtazama bila haya.

"Inasema nini, nyathina?" mama yake aliuliza. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na Mama Trizah, kama wote walivyomwita kwa jina lake mwenyewe, alilitumia neno hilo kila alipoingiwa na wasiwasi.

"Mama, inasema..."

"Inasema vizuri!" alidakia baba yake kutoka mlangoni. "Vizuri sana. Irine, funga hiyo kitu. Usimpe mama yako presha."

Mzee Nashon, aliyekuwa mwalimu wa kwaya kwa nusu ya umri wake, alikuwa na nadharia yake kuhusu presha, na hakuna kitabu cha chuo kikuu kilichoweza kuitikisa. Presha, alisema, huletwa na habari mbaya. Neno lenyewe linajieleza: ukimpa mtu presha, atakuwa nayo. Kwa hiyo, tangu siku muuguzi alipolitamka mbele ya mke wake, habari mbaya zilipigwa marufuku katika boma lao lililotazama ziwa, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Timu aliyoipenda mama ilipofungwa, mechi ilikuwa imeahirishwa. Paa lilipovuja, mvua ilikuwa imeingia kusalimia. Na yule kuku wa madoadoa, kipenzi cha Mama Trizah, alipogongwa na pikipiki, Mzee Nashon alivua kofia, akaingia ndani na kutangaza kwa sauti tulivu kwamba kuku amesafiri.

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Oyugis."

"Kwa nani?"

"Ana watu wake huko."

Mama Trizah hakuweza kuthibitisha wala kukanusha, kwa kuwa macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. "Nina watoto watatu," alipenda kuwaambia watu. "Irine wa tumboni, na hawa wawili wa machoni ambao hata kuni hawaniletei." Aliishi ndani ya ukungu mweupe, na aliishi humo kwa furaha isiyo na kifani. Siku moja alisimama mbele ya koti la mumewe lililoanikwa kwenye kamba, akaliuliza habari za nyumbani, akalikaribisha chai. Na koti liliponyamaza, aliingia ndani akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu hata chembe.

Hakukuwa na nyumba yenye habari njema kuliko ile katika kaunti nzima. Na presha ilipanda.

Ilipanda, na kila ilipopanda, kliniki ya macho ilimrudisha nyumbani. Daktari hakuwa mkali. Alimweleza kwa upole kwamba upasuaji wenyewe ni mfupi, lakini jicho haliguswi wakati damu inasukumwa kwa nguvu kiasi hicho, kwa sababu linaweza kuvuja damu ndani na likapotea moja kwa moja. Teremsha presha kwanza, mama, kisha uje. Na mwisho wa mwaka, Irine angeolewa na Werema, mwalimu kijana kutoka Kehancha, upande wa pili wa Migori. Mama Trizah alikuwa ametamka sentensi moja tu kuhusu jambo hilo, akiwa anachambua mboga kwa vidole, bila kuinua kichwa:

"Sitaki kusimuliwa harusi ya mtoto wangu. Nataka kuiona."

Sentensi hiyo Irine aliibeba kila mahali. Aliibeba maktabani, aliibeba kwenye foleni ya chakula, aliibeba hata alipocheka.

Kilichomchanganya ni kwamba mama yake alikuwa ametii. "Punguza chumbi, mama," daktari wa presha alikuwa amemwambia kwa Kijaluo, ili lisibaki shaka. Lakini Mama Trizah hakuwa mtu wa kupunguza. Alikuwa mtu wa kuacha. Alirudi nyumbani, akaushika mkebe wake wa chumvi, akamwita jirani yake Rispa, na kumkabidhi mumewe akiwa shahidi. "Umenitumikia vyema tangu niolewe," aliuambia mkebe. "Sasa nenda, na usirudi hata nikikuita." Mzee Nashon alianzisha wimbo wa kuaga. Rispa, ambaye hakuwa amejiandaa kwa ibada, aliitikia sauti ya pili.

Siku za mwanzo chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Kisha, Irine aliporudi nyumbani mwisho wa juma mmoja, alionja apoth, ule mlenda wa kienyeji unaoteleza, akaukuta mtamu kama zamani. Aliruka pale pale jikoni. Si ndivyo mhadhiri wao alivyofundisha, kwamba ulimi ukinyimwa chumvi huhangaika kwa muda, kisha hujifunza upya na kuridhika na kidogo? Alirudi Rongo akiwa na mbawa. Alisimama mbele ya darasa, akautaja ulimi wa mama yake kuwa ushahidi hai, na wenzake wakampigia makofi.

Ulimi umezoea, chumvi imeondoka, vidonge vinamezwa kila asubuhi. Na namba ziko juu. Irine aliikunja mashine, akaiweka kabatini. Kesho yake wageni kutoka Kehancha wangekuja kwa ajili ya kujuana, na mama yake alikwisha kumfukuza jikoni.

Walikuja saa sita mchana, wamependeza, wakiongozwa na sauti. Sauti ilikuwa ya Nyakerario, mama yake Werema, mjane aliyenunua na kuuza ng'ombe minadani hadi koo lake likasahau namna ya kunong'ona. Nyuma yake alikuja Mniko, shemeji yake, aliyeshika nafasi ya baba. Mtu mrefu, mkavu, aliyetumia maneno kana kwamba yanakatwa kodi. Alisema, "Tumefika," na kwa saa nzima hakuongeza. Werema alikuja wa mwisho, akaketi amebana magoti kama mtahiniwa.

Kwa kuwa wenyeji walikuwa Wajaluo na wageni Wakuria, mazungumzo yalikwenda kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mtu pale aliijua. Hilo halikumzuia Mzee Nashon kujiteua mkalimani. Wajibu wake, kama alivyouelewa, ulikuwa kuhakikisha hakuna neno lolote lenye ncha litakalomfikia mke wake.

"Nyumba yenu ni ndogo lakini ina hewa!" alinguruma Nyakerario.

"Anasema nyumba ni kubwa," Nashon alimweleza mkewe.

"Mzee, nimesikia," alisema Mama Trizah. "Niliye naye ni mtoto wa jicho. Wa sikio sina."

Chakula kilipowekwa mezani, vicheko vilihamia kwenye vijiko. Palikuwa na samaki mzima wa kuchemshwa, kuku, ugali wa wimbi kwa heshima ya wageni, na katikati, kwenye chungu cheusi, ile apoth. Rispa, aliyekuja kusaidia, alipakua. Nyakerario alitia tonge mdomoni. Akatafuna. Akasita. Akatia jingine, akafumba macho kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mama Irine," alisema hatimaye. "Mboga hii ni tamu, sitadanganya. Lakini kuna kitu humu ulimi wangu unakijua, na haukujuana nacho jikoni. Umetia nini?"

"Bala," alijibu Mama Trizah kwa fahari.

"Balaa?"

"Bala."

"Umetutilia balaa kwenye mboga?"

Mniko aliweka kijiko chini taratibu sana.

"Baraka!" Nashon alidakia, jasho likimtoka. "Amesema baraka! Ametia baraka tele!"

"Bala, yawa, bala!" Mama Trizah alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. "Ni jiwe, Mama Werema. Jiwe la kulainishia mboga. Linatoka kule kwenye ziwa la Simbi, karibu na Kendu Bay. Unalivunja, unaliloweka, unachuja, yale maji ndiyo unapikia. Apoth bila bala inakukwama kooni kama kitambaa. Irine! Leta ile bakuli iko nyuma ya jiko, mgeni aone."

Irine alikwenda akalileta. Lilikuwa pale pale lilipokuwa tangu utoto wake, bakuli la bati lenye mawe ya rangi ya kijivu, na kando yake chupa ya maji ya manjano yaliyochujwa tayari. Nyakerario alichukua jiwe moja. Aliligeuza. Alilinusa. Kisha, mbele ya wazee wote na mkwe mtarajiwa, alilitolea ulimi wote na kulilamba.

"Haki ya Mungu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike, sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii ni ile ya ng'ombe."

Rispa alishika mdomo. Werema alifunga macho, akaonekana akiomba.

"Anasema..." Nashon alianza.

"Mama Werema," alisema Mama Trizah, na kicheko kilikuwa kimehama sauti yake, "unasema nimewalisha wageni wangu chakula cha ng'ombe?"

"Sijasema ubaya! Mimi ng'ombe zangu nazipenda kuliko watu wengine ninaowajua. Jiwe hili tunanunua kwa gunia. Zikiliona zinakuja mbio kama watoto wameona peremende. Zinalamba, zinalamba, halafu zinakunywa maji mpaka unaogopa mto utaisha." Alilichungulia jiwe tena. "Kumbe nyinyi mnaliita bala. Sisi kule mnadani tunaliita chumvi tu. Chumvi ya ng'ombe."

Chumvi.

Neno lilidondoka katikati ya meza, na Irine alilisikia likidondoka. Alisimama. Alitazama bakuli la bati, akatazama chungu, akamtazama mama yake. Kwa Kijaluo, chumbi ilikuwa chumbi: nyeupe, laini, ya pakiti, ya dukani. Bala ilikuwa bala: ya kijivu, ya ziwani, ya nyuma ya jiko. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu akiviweka viwili hivyo kwenye kapu moja, na yeye mwenyewe, aliyeijua sodiamu kwa alama na uzito wake, aliyeijibia mtihani akapata alama za juu, hakuwahi kuifikiria ikiwa na makazi ndani ya bakuli lile. Daktari alisema chumbi. Mama aliacha chumbi. Na ulimi wa mama, ule ushahidi hai uliopigiwa makofi Rongo, haukuwa umejifunza lolote. Ulikuwa umehamia duka jingine.

Hapo Irine alifanya jambo ambalo msichana anayeposwa hatakiwi kulifanya mbele ya wakwe. Alicheka. Alianza kwa kujizuia, akajiziba kwa kitambaa cha meza, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hadi akaketi sakafuni.

"Nimeharibikiwa na mtoto mbele ya wageni," alisema Mama Trizah.

"Mama," Irine alijikaza, akifuta machozi, "tangu uache chumbi, bala unatia kiasi gani?"

"Kiasi cha kawaida."

"Kawaida ya nani?" Rispa alishindwa kuvumilia, akamwita mama wa Irine kwa Kijaluo. "Min Irine, sema ukweli! Siku hizi jiwe linaisha kabla ya sabuni. Unavunja kwa kupapasa, kipande kama ngumi!"

"Sioni! Nitajuaje ni ngumi?"

"Na ule unga wa mchuzi wa paketi?" Irine aliuliza.

"Huo ni wa kunukisha tu."

"Paketi nzima?"

"Pua yangu nayo si ya zamani."

Sasa hata Mniko alikuwa akitikisika kimyakimya. Irine aliinuka, akaenda akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake, akaushika mkono uleule aliouvisha kitambaa cha mashine jana yake. Alieleza polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kisha tena kwa Kiswahili ili wageni wasikie. Kwamba mwili hausomi jina lililoandikwa kwenye pakiti. Kwamba ndani ya chumvi kuna kitu kiitwacho sodiamu, nacho ndicho huvuta maji na kuyabakiza kwenye damu, kama yale maji ng'ombe wanayoyafuata mtoni. Damu ikijaa maji, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na kuta za mishipa ndizo hupigwa. Kwamba kitu hichohicho kimo ndani ya bala, kimo ndani ya magadi ya dukani, kimo kwa wingi mno ndani ya unga wa mchuzi.

Mama Trizah alisikiliza hadi mwisho. Uso wake uliokuwa ukicheka tangu asubuhi ulitulia.

"Mimi nilifanya nilichoambiwa," alisema.

"Ulifanya, Mama."

"Niliacha chumbi. Hakuna mtu atasema sikuacha."

"Uliacha."

"Kwa hiyo mlango wa kliniki... ni mimi mwenyewe niliyejifungia? Kwa mkono wangu? Na harusi iko mlangoni?"

Irine aliubana ule mkono. "Hapana. Ulilitii neno. Neno lenyewe ndilo lilikuwa fupi."

Pale Mzee Nashon, aliyeona mkewe anakaribia kulia, alishindwa. "Nilisema asipewe presha! Yote haya ni kwa sababu ya maneno ya mgeni!"

"Ati mimi?" Sauti ya mnada ilirudi. "Basi lete hiyo mashine, mzee! Pima mama, halafu pima mimi ninayegombana na madalali kila wiki. Utaona kama ni maneno. Mimi presha siijui, ni ugonjwa wa watu wanaokaa kivulini."

Mashine ililetwa. Waliketi kimya kwa muda, kama Irine alivyowaamuru, jambo lililomwia Nyakerario gumu kuliko kununua fahali. Mama Trizah alipimwa. Namba zilikuwa zile zile za jana, hazikuongezwa na matusi wala kupunguzwa na vicheko. Kisha Nyakerario alivishwa kitambaa. Irine alitazama namba. Akapima tena.

"Inasema nini?" aliuliza Nyakerario.

Irine alimtazama baba yake. Mzee Nashon alikohoa.

"Inasema vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko, kwani hata Wakuria walikwisha kukielewa Kiswahili chake. Namba za Nyakerario zilikuwa zimezipita za Mama Trizah kwa mbali. Aliapa mashine ni mbovu. Wakampima Werema: sawa. Wakampima Mniko, aliyekataa mara mbili kwa kichwa kabla ya kukunja mkono wa shati. Namba zake zilikuwa za kijana mchezaji wa mpira.

"Rudia hiyo," alisema Mniko. "Kwa sauti."

Nyakerario hakupenda kushindwa, hasa na mtu aliye kimya. Alilitazama lile jiwe mezani, akamtazama mwenzake. "Mama Irine, sikiza. Mimi kwangu nyama haijapikwa bila ngumi ya chumvi tangu nizaliwe. Tushindane. Tutashusha pamoja, wewe huku na mimi Kehancha. Siku ya harusi, atakayekuwa na namba mbaya atavaa kitambaa atakachochaguliwa na mwenzake. Rangi yoyote."

"Nitakuchagulia rangi ya machungwa yaliyooza," alisema Mama Trizah, na kicheko kilikuwa kimerudi, kwanza kwenye pembe za mdomo. "Na nitakuona umeivaa."

Irine aliweka masharti. Mama Werema aende kliniki ya kwao akapimwe ipasavyo na aanze matibabu akiambiwa. Vidonge visiachwe hata namba zikishuka. Na kuhusu chumvi, hakuna kuaga na hakuna hotuba: kijiko kimoja cha chai, kisicho na kilima, kwa mtu mmoja, kwa siku nzima, kikihesabu kila kitu kilichoingia chunguni kwa jina lolote.

"Kumbe chumbi kidogo naruhusiwa?" Mama Trizah aligeukia upande alikodhani Rispa amesimama. "Rispa, nirudishie mkebe wangu."

"Uliuambia usirudi hata ukiuita!"

"Nilikuwa na hasira."

Ndivyo ulivyoanza msimu ambao Irine angeukumbuka kwa mlio wa simu. Kila jioni Kehancha ilipiga Homa Bay, au Homa Bay ilipiga Kehancha, na Irine, aliyeunganishwa kwenye mazungumzo kutoka chumba chake Rongo ili awe refa, hakufungua kitabu hadi mabishano yaishe.

"Mama Irine! Leo nimepika nyama kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Wachungaji wangu wameuliza kama tuna msiba."

"Mzee wangu hajauliza kitu. Ameimba. Nimelaza osuga, ule mnavu wetu, ndani ya maziwa usiku kucha, vile nyanya yangu alifanya kabla hajajua duka. Uchungu wote umetoka, na bala haijakaribia."

"Maziwa ya dukani hayo! Yana maji kuliko ziwa lenu. Nakutumia ya kwangu."

Na kweli yaliletwa, mtungi mzima, pamoja na samli isiyotiwa chumvi na ujumbe wa dharau. Homa Bay ilijibu kwa parachichi na ndizi, kwa kuwa Irine alikuwa amewaeleza kwamba matunda na mboga nyingi huusaidia mwili kuitoa ile sodiamu. Safari hii ulimi ulihangaika kikweli. Mama Trizah aliota bala. Alikiri aliamka akiwa amenyoosha mkono nyuma ya jiko lisilokuwepo. Nyakerario alikamatwa na mwanawe akila nyama iliyokaushwa kwa chumvi, amejificha zizini kati ya ng'ombe wawili, akapunguziwa pointi. Lakini kidogo kidogo, namba ambazo hazikuwa zimesikia hotuba wala nyimbo zilianza kuteremka. Hazikuteremka hadi kwa Mniko, Irine hakuwadanganya. Ziliteremka tu, na zikakaa.

Siku ya kliniki, muuguzi wa macho alimpima Mama Trizah, akatazama, akampima mkono wa pili. Irine, aliyekuwa amesimama pembeni, alinyoosha shingo azione namba.

"Mama umefanya nini?" aliuliza muuguzi.

"Nimeacha chakula cha ng'ombe," alijibu Mama Trizah.

Alipangiwa upasuaji wa jicho la kulia siku hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi walimketisha kwenye benchi, na bandeji ikafunguliwa. Mama Trizah alipepesa, akapepesa tena. Mtu wa kwanza aliyetokea ndani ya mwanga ule mpya alikuwa mumewe, ameinama, kofia mkononi.

"Nashon," alisema kwa mshangao. "Umezeeka lini?"

"Nilikuficha," alisema Mzee Nashon, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Nisikupe presha."

Kisha Mama Trizah aligeuka. Alimtazama Irine kwa muda mrefu, nywele, paji la uso, kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, na hakusema lolote la kuchekesha. Alimshika uso kwa mikono miwili. Irine alisimama hapo akitazamwa, akajua kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi tamu kuliko hiyo.

"Sasa," alisema Mama Trizah akijifuta, "kuku wangu wa madoadoa yuko wapi?"

Mzee Nashon alitazama dari. "Mama Irine, kuhusu Oyugis..."

Wiki chache kabla ya harusi, akina mama wa kanisa walikutana sebuleni kugawana kazi za upishi. Mama Trizah aliketi mbele, amevaa miwani nyeusi, akiwatazama mmoja mmoja kwa ulafi wa mtu aliyerudishiwa kitu. Irine alipitisha chai. Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika kwenye mboga.

"Bala nitaleta mimi," alisema mama mmoja mnene aliyepika harusi zote za upande ule. "Nusu gunia itatosha."

Macho ya Rispa yalimkimbilia Mama Trizah.

"Harusi ya Mjaluo bila bala?" mama yule aliendelea, ameuona mtazamo ule. "Watu watasema tumewapikia chakula cha wadi! Wakuria watatucheka!"

"Wakuria walikwisha kutucheka," alisema Mama Trizah. "Ndiyo maana nakuona."

Alivua miwani. Zaidi ya nusu ya akina mama wale, Irine alijua, walikuwa na vidonge vya presha ndani ya mikoba yao, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Mboga za harusi ya Irine zitalazwa kwa maziwa," Mama Trizah aliwaambia. "Hakuna bala, hakuna magadi, hakuna unga wa mchuzi. Chumvi nitaitia mimi mwenyewe, kwa kijiko, na nitakuwa naiona."